Kwa nini king'amuzi kimoja hakifungui chaneli za kampuni zote?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Nyumbani kwangu Morogoro kuna ving'amuzi vitatu vimebanana chini ya TV. Kimoja cha dishi nilinunua kwa ajili ya mpira, cha pili cha dishi ni cha tamthilia za mama watoto, na cha tatu cha antena ndicho tunachobaki nacho pesa ikikata ili tuone taarifa ya habari. Rimoti nne, nyaya sihesabu. Nimechukua kadi ya kampuni moja nikaitia kwenye king'amuzi cha nyingine, ikagoma. Nikaazima kadi ya jirani, kampuni ileile, nayo ikagoma. Kaka yangu anayeishi Marekani anasema huko serikali iliwalazimisha wenye televisheni za kebo, mtu ananunua boksi lake dukani, anaweka kadi, basi. TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, wanashindwa nini? Halafu kuna fundi anataka laki moja na nusu anifungie boksi moja linalofungua zote. Nimpe?"*

Ndugu yangu, nianze na swali la mwisho maana ndilo linaloweza kukutoa pesa wiki hii: usimpe. Sababu utaiona mwenyewe huko mbele, tukishaeleza chaneli inafungwaje.

Hayo mengine umeuliza vizuri, na kero hiyo iko nyumba nyingi. Ila umeweka pamoja mambo matatu ambayo kila moja lina jibu lake: kupokea mawimbi, ufunguo wa picha, na sheria.

La mawimbi tulimalize haraka. King'amuzi chako cha antena kinapokea kutoka mnara wa hapahapa nchini kwa mfumo wa DVB-T2. Vya dishi vinapokea kutoka setilaiti, na hata hivyo viwili pengine havitazami upande mmoja: Azam wako nyuzi 7 mashariki, DStv ya ukanda wetu iko nyuzi 36 mashariki. Ukihamisha kadi, dishi halijahama. Lakini hilo lina dawa. Madishi mawili yakiunganishwa na swichi ndogo, waya mmoja tu unaingia sebuleni, na boksi la kisasa la setilaiti litazipokea pande zote mbili. Kwa hiyo uwezo wa kupokea si kikwazo. Kinachokosekana ni ufunguo.

Hapa ndipo penye dhana potofu iliyoenea kuliko zote. Watu wanaamini kila kampuni ina namna yake ya siri ya kuivuruga picha. Kwa kawaida sivyo. Uvurugaji wenyewe hufuata kanuni ya pamoja iliyowekwa mwaka 1994 na DVB, muungano wa Ulaya unaotunga viwango vya televisheni ya kidijitali tunavyovitumia hata sisi. Kanuni hiyo ilifichwa mpaka mwaka 2002, ilipochambuliwa kutoka ndani ya programu ya kompyuta ikaanikwa mtandaoni. Matangazo hayakufunguka siku hiyo. Siri ya maana haikuwa kwenye kanuni, ilikuwa kwenye namba inayoiendesha, na namba hiyo hubadilishwa kila baada ya sekunde chache, mara nyingi kama 10. Fikiria kufuli la aina moja kwenye milango yote ya mtaa, ila ufunguo wa kila mlango unabadilika kabla hujamaliza kunywa maji.

Namba hiyo inasafiri ndani ya mawimbi yaleyale ya picha, nayo ikiwa imefungwa. Namna ya kuifunga na kuifungua ndiyo mali ya kampuni. Kuna mifumo kadhaa duniani: Irdeto, Nagravision, Conax, Viaccess na mingine. Mfumo unarusha ujumbe wa aina mbili. Wa kwanza unakwenda kwa kila king'amuzi, ukiwa na namba ya sekunde hizo pamoja na sharti: chaneli hii ni ya kifurushi fulani. Wa pili unakwenda kwa kadi yako peke yake, kwa namba yake, kuiarifu kuwa mwenye nayo amelipia mpaka tarehe fulani. Kadi inalinganisha hizo mbili. Zikikubaliana inatoa namba, picha inafunguka. Zisipokubaliana unaona skrini nyeusi yenye maandishi.

Hebu tuliangalie hili kwa karibu kwa sababu linaokoa ugomvi mwingi nyumbani. Umelipa kwa simu saa moja na nusu usiku, mechi ni saa mbili, meseji ya kuthibitisha malipo imekuja, picha haiji. Pesa haijapotea. Ujumbe wa pili, ule wa kadi yako peke yake, unarushwa kwa zamu pamoja na wa wateja wengine, na kama king'amuzi kilikuwa kimezimwa ukutani ulipopita, hakikuupata. Ndiyo maana unaambiwa ukiwashe, ukiache kwenye chaneli ya kifurushi ulichonunua, usubiri. Kukizima na kukiwasha kila dakika ndiko kunakokufanya uukose tena. Kwa wenye DStv, namba za makosa zenyewe zinasema tatizo liko wapi: E16 ni habari ya ruhusa, maana yake kadi haijajua kuwa umelipa au kweli hujalipa. E48 ni habari ya mawimbi: mvua, dishi limesogea, waya umelegea. Wa E16 hana haja ya kupanda juu ya bati, na wa E48 akipiga simu kuulizia malipo anapoteza muda.

Sasa kadi ya jirani. Zamani ingefanya kazi. Lakini kampuni ziliona namba inatoka kwenye kadi kwenda kwenye boksi ikiwa wazi, mtu anaweza kuinasa pale katikati na kuwagawia wengine. Zikaamua kadi na boksi vioane: kila boksi limechomewa siri yake ndani ya chipu kiwandani, na kadi iliyoandikishwa na boksi hilo hutoa namba ambayo boksi hilo pekee linaielewa. Ving'amuzi vingine havina kadi kabisa. GOtv, kwa mfano, wanatumia namba ya IUC iliyobandikwa kwenye boksi, na kazi yote ya kadi imehamia ndani. Kwa hiyo king'amuzi chako si kifaa cha kupokelea tu, ni nusu ya ufunguo. Hilo lishike, kwa sababu mjadala wote wa sheria unazunguka hapo.

Na fundi wako? "Boksi linalofungua zote" karibu kila mara ni hivi: mahali fulani pana kadi moja iliyolipiwa, kuna mtu anachukua zile namba za kila sekunde 10 na kuzituma kwa intaneti kwa wateja wake. Boksi lako linaishi kwa bando lako. Mtandao ukikwama, picha inaganda. Kampuni ikibadilisha kitu kidogo upande wake, mamia ya maboksi yanakufa usiku mmoja, na namba ya fundi haipatikani. Ni kuchakachua, ni kosa kisheria, na ukitapeliwa huna pa kulalamika. Tena umeingiza kwenye mtandao wa nyumbani kwako kifaa usichojua programu yake inafanya nini kingine. Laki moja na nusu ni ya kwanza tu, kila mwezi kuna "ada ya seva".

Tuje Marekani. Kaka yako hajakudanganya, ila amekupa nusu ya kwanza ya hadithi, na mimi nusu ya pili ndiyo inayonifanya niwe mwangalifu.

Mwaka 1996 Bunge la huko lilipitisha Sheria ya Mawasiliano, na kifungu cha 629 kiliiagiza tume ya mawasiliano, FCC, ihakikishe mtu anaweza kununua boksi la televisheni kwa muuzaji asiye kampuni ya kebo. Walikuwa na mfano mkononi: mwaka 1968 tume hiyohiyo iliruhusu vifaa visivyo vya kampuni ya simu kuunganishwa kwenye laini zake, na baada ya hapo simu za mezani, mashine za kujibu na modemu zikashamiri kwa bei nafuu. Kwa nini isiwe hivyo kwa TV? Mwaka 1998 FCC ikaamuru sehemu ya ufunguo itenganishwe na boksi. Ikazaliwa CableCARD, kadi nene kiasi, unaikodi kwa kampuni na kuichomeka kwenye kifaa chako. Kisha, baada ya kuahirisha mara mbili, kuanzia tarehe 1 Julai 2007 kampuni za kebo zenyewe zilikatazwa kutoa maboksi mapya yenye ufunguo wa kujengewa ndani. Nazo zilitakiwa zitumie kadi ileile wanayompa mteja mwenye boksi lake, ili zisipate sababu ya kuidharau.

Kwenye karatasi ni sheria safi. Mezani ilikwenda vingine. Vifaa vya dukani vilivyoitumia kadi hiyo vilikuwa vya njia moja: vilipokea, havikuweza kurudisha maombi, kwa hiyo filamu za kuagiza hazikuonekana kwenye boksi la dukani. Kampuni nyingi zilitaka fundi wao ndiye aje kuichomeka. Vifaa vilipaswa kupata leseni na kibali kupitia CableLabs, maabara iliyoundwa na kampuni za kebo zenyewe. Watengenezaji wa TV walijaribu kidogo wakaacha, akabaki TiVo, mtengenezaji wa maboksi ya kurekodia vipindi, na wachache. Mwishoni mwa 2015 kadi zilizokuwa kwenye vifaa vya dukani zilikuwa laki sita na ushee, na zile zilizokuwa ndani ya maboksi ya kampuni zilizidi milioni 50. Mwaka huohuo maseneta Markey na Blumenthal walitoa hesabu kuwa nyumba ya wastani ililipa dola 231 kwa mwaka kukodi maboksi tu. Muulize kaka yako, kama bado yuko na kebo, aangalie mstari wa kukodi boksi kwenye bili yake.

Bunge liliondoa katazo la 2007 kwa sheria ya mwaka 2014. Mwaka 2016 mwenyekiti wa FCC, Tom Wheeler, alirudi na pendekezo jipya la kufungua maboksi, kura ikapangwa Septemba 29, ikaondolewa kwenye ratiba siku hiyohiyo, na mrithi wake akaliweka kando. Mwaka 2020 hata wajibu wa kampuni kuendelea kuihudumia CableCARD ulifutwa.

Kuna mambo mawili ndani ya hadithi hiyo yanayokuhusu wewe wa Morogoro zaidi ya mengine. Kampuni za setilaiti zilisamehewa kutenganisha ufunguo tangu mwanzo. Kwa hiyo hata huko, kile hasa unachokitaka, kadi ya dishi la kampuni moja iingie kwenye boksi la nyingine, hakikuwahi kulazimishwa. Pili, mwaka 1994 Marekani ilikuwa imekataza kebo kuzifunga chaneli za msingi, ili TV izione moja kwa moja bila boksi. Oktoba 2012 FCC ikaziruhusu kampuni zilizohamia kidijitali kabisa kuzifunga. Watu waliokuwa wakichomeka waya kwenye TV ya chumbani na kuona matangazo ya kawaida wakajikuta wanahitaji boksi. Wengi walikuwa bado wanajadili CableCARD, na mimi naona hii ya pili ndiyo iliyowagusa watu wa kawaida zaidi.

Ulaya walipita njia nyingine. Badala ya kadi kama ya Marekani waliweka tundu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2002 ilitaka kila TV ya kidijitali yenye kioo kinachozidi sentimita 30 iwe na tundu la wazi la kuchomeka moduli ya ufunguo. Ukitazama nyuma ya flati yako huenda ukalikuta: mwanya mwembamba ulioandikwa CI. Usijaribu kutia kadi ya king'amuzi humo, haikai. Panahitajika moduli yenye kadi ndani yake, na sijaona kampuni ya kulipia hapa kwetu inayoiuza. Tundu bila moduli ni tundu tu. Kwenye nchi ambazo kampuni zilikubali kuuza moduli, mtu anatazama bila boksi kabisa.

Basi, TCRA wanashindwa nini? Nitakupa maoni yangu, mwingine anaweza kutofautiana nami. Kulazimisha king'amuzi kimoja kwa kampuni zote za kulipia kunawezekana kiufundi. Matangazo yaleyale yanaweza kubeba ujumbe wa mifumo miwili ya ufunguo kwa wakati mmoja, jambo hilo lipo na linafanyika. Ugumu ni kwingine. Maboksi mengi huuzwa chini ya gharama, kampuni ikitegemea kuirudisha kwenye vifurushi. Ukiiambia boksi hilo litumike kwa mshindani, kesho bei itapanda. Wenye haki za mpira na filamu nao wanaweka masharti makali ya ulinzi kwenye mikataba, na ulinzi huo unategemea ile siri iliyochomewa kwenye chipu. Upande wa pili nao una hoja nzito: kampuni mpya ikitaka kuingia sokoni ni lazima iwauzie watu boksi jipya kwanza, na mteja aliyekwisha kununua boksi anaona uvivu kuhama hata akionewa. Huo ni ushindani uliofungwa kwa waya, sibishi. Lakini nikitazama miaka zaidi ya 20 ya Marekani, taifa lenye soko kubwa na mawakili wa kutosha, nasita kumshauri mdhibiti wetu aelekeze nguvu huko.

Ningetaka azielekeze kwenye chaneli za bure. Hizo hazina sababu yoyote ya kufungwa. Tangu Dar es Salaam izimiwe mitambo ya analojia usiku wa Desemba 31, 2012, na mikoa mingine ikafuata, taarifa ya habari imepitia kwenye boksi, na mwenye boksi amekuwa na mkono juu ya kile ambacho zamani TV ya chogo na antena ya dirishani viliona bila kuomba ruhusa. Mwaka 2018 TCRA ilizitaka kampuni za setilaiti za kulipia ziondoe chaneli za bure za ndani, kwa hoja kwamba leseni zao hazikuruhusu kuzibeba huku wananchi wakilazimika kulipa ili wazione. Kisheria ilieleweka. Sebuleni ilimaanisha watu wakaongeza king'amuzi cha antena juu ya kile cha dishi. Nashuku hata cha kwako cha tatu kina asili hiyo. Kenya nako, Februari 2015, vituo vikubwa vilikaa bila kwenda hewani kwa wiki mbili na zaidi vikigombania nani abebe matangazo yao na kwa boksi la nani. Kila mara ugomvi ni uleule: nani anashika boksi.

Wewe leo unaweza kufanya hivi. Tazama kibandiko nyuma ya TV au kitabu chake. Kama pameandikwa DVB-T2, chomoa waya wa antena kwenye king'amuzi, uchomeke kwenye TV yenyewe, ingia kwenye mpangilio wa chaneli, chagua antena, acha itafute. Chaneli zitakazotokea ndizo zinazorushwa bila kufungwa kwa eneo lako. Zikitosha kwa taarifa ya habari, king'amuzi kimoja kimeondoka bila kumlipa mtu. Zisipotosha, kirudishe, hujapoteza kitu. Kama TV yako ni DVB-T tu bila 2, haitaona kitu, usiilaumu antena.

Kwa vile viwili vya dishi, kaa na mama watoto mtazame ratiba. Ligi inapopumzika, huna sababu ya kulipia cha mpira mwezi huo. Kama TV ni ya intaneti, angalia pia kama programu ya kampuni hiyo inapatikana kwenye TV yako, kwa sababu pale ufunguo unasafiri kwa mtandao badala ya boksi. Piga hesabu ya bando kwanza, mpira wa dakika 90 unakula data kweli. Rimoti nne zinatibika kwa rimoti moja ya kufundishika, inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme.

Kuna wakati wa kuacha kusoma majibu kama haya na kwenda mwenyewe. Tatizo likiwa juu ya paa, au radi imepiga na boksi linanuka kuungua, mwite fundi aliyeidhinishwa na kampuni, usipande. Ukiwa umelipa, umeacha kifaa kimewashwa saa kadhaa na bado kinadai hujalipa, nenda dukani kwa kampuni ukiwa na kadi, namba ya boksi na meseji ya malipo, maana huenda kadi na boksi havijaandikishwa pamoja na hilo linarekebishwa kwenye kompyuta yao. Na kama king'amuzi chako cha antena kinazima hata chaneli za bure kifurushi kikiisha, hilo ni la kulalamikia. Anza na kampuni kwa maandishi. Usipojibiwa, peleka barua hiyohiyo ofisi ya kanda ya TCRA, au upitie kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano wakuelekeze. Asiyeridhika na uamuzi wa TCRA anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani. Andika majina ya chaneli zilizozimika, tarehe, saa, namba ya king'amuzi, na upige picha ya skrini ikiwa na ule ujumbe wake.